Akiba Huoza

Waliosema akiba haiozi
hawakuwahi kukunja mwavuli.
Nailoni huchoka, Kisilu. Mpira hulegea.
Manyunyu ya Julai hupenya hata huku Wilson,
chumbani kwangu nyuma ya karakana ya ndege,
ndiyo maana kila miezi sita naufungua ule wa akiba
hata kama hukuugusa,
nautandaza mezani, naupekua kamba kwa kamba
kama mama atafutaye chawa usiku wa kuamkia shule,
naukunja upya, nafunga uzi mwekundu, nabana lakiri ya risasi,
natia sahihi: N. Kwamboka.

Zamani nilishona sare pale Kariobangi.
Mshono ukifumuka, mtoto alichekwa. Basi.

Uliponijia na suti yako ya mabawa,
bei ya ng'ombe wanne na ndama,
nilikuuliza mwavuli mkuu una ukubwa gani.
Ukanitajia namba, ukatabasamu.
Nikakwambia hiyo ni leso.
Mdogo huenda mbio, sikatai, hutua kwa madaha
wenye kamera wakapiga makofi;
lakini ukifunguka umepinda,
nawe umeshonewa mikono na miguu ndani ya kitambaa,
mdogo hauna subira. Huzunguka kama pia.
Chukua mpana, usio na hasira.

Na ugwe wa kitoto uwe mrefu,
kile kimwavuli cha kwanza, kinachouamsha mkuu.
Mgongoni mwa mtu mwenye mabawa pana shimo,
mahali hewa imelala,
na kitoto kikianguka humo hulala nayo,
kikichezacheza juu ya kiuno chako
huku Kitengela inapanda kukulaki.

Ugwe mrefu ulikubali.
Mpana ukacheka.

Nilikuning'iniza darini kwenye mishipi.
Macho kwanza: tazama chekundu.
Kishike. Tazama cha fedha.
Chekundu, vuta mpaka mkono unyooke. Cha fedha, vivyo hivyo.
Usihangaike na zipu, mikono itafika.
Futi elfu mbili na mia tano, ubishi umekwisha.
Tena.
Tena, ukiwa umefumba macho, nami nakuzungusha
mpaka ukataka kutapika kwenye ndoo yangu ya vitambaa.

Agosti, Jumapili, saa nne asubuhi.
Mimi nilikuwa soko la Toi nachagua vifungo.
Sauti yako simuni nyembamba kama uzi wa kudarizi:
"Kwamboka, nimetumia sahihi yako."

Nikaketi juu ya robota la mitumba. Mwenyewe hakunifukuza.

Jioni ukaja unachechemea,
mwavuli ndani ya gunia la sukari, chupa ya wiski kwapani,
kwani ndiyo desturi yenu kwa fundi.
Mimi ni Msabato, Kisilu. Chupa akapata bawabu.
Nikakuomba kingine: nihesabie.
Ukahesabu. Kamba zimesokotana. Unapiga mateke.
"Nikasema labda zitafunguka. Nikasema labda
nikivuta upande huu. Labda mara moja tu zaidi."
Nilizisikia. Kila labda ilikula futi mia mbili.
Halafu, ukasema, mkono ukaenda wenyewe,
na ukasikia sauti yangu ikikugombeza.

Umelala sasa, nadhani. Mimi niko macho na kibanio.
Nailoni yote imeota kishona-nguo,
mbegu nyeusi zenye meno mawili,
mafundi wenzangu wasiojua mshono ila kung'ang'ania.
Nazitoa moja moja, nazitia kwenye kopo la vifungo.
Mia moja na kumi na saba.
Moja imenichoma kidole, sijaitoa bado.

Kuhusu ule mpana hujaniambia neno.
Uko rafuni, pale juu ya cherehani.
Asubuhi nitaupiga vumbi.